Darubini Itakayoishi Bukavu

Maneno haya niliyatoa mbele ya wanafunzi, wazazi na wavuvi wachache, jioni moja ya mwezi wa sita, katika ukumbi wa parokia huku Ibanda, katika mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Walioyakosa waliniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Wababa, wamama, wazee wetu, na ninyi vijana mliokaa huku mbele, jambo sana, na aksanti kwa kuja.

Nimekuja na darubini mbili za macho mawili. Hii ya kwanza nitaipitisha mikononi mwenu. Ishikeni bila woga, maana imekwisha kufa. Ielekezeni dirishani, kisha chungulieni ndani kwa upande huu wa lenzi kubwa. Mnaviona vinyuzi vyeupe, kama utando wa buibui, vinavyotoka ukingoni kwenda katikati? Hiyo ni kuvu. Imeota ndani, pasipofika kidole wala kitambaa. Darubini hii haikuanguka wala haikukanyagwa. Niliitundika ukutani ndani ya mfuko wake wa ngozi tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano, yaani mvua nzima, nikidhani naitunza. Nilipoishusha niangalie mwezi, mwezi ulikuwa na sufu.

Niliinunua kwa mfanyabiashara mmoja, na bei yake ilikula nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nilivutwa na namba iliyochorwa mgongoni kwa rangi ya dhahabu: 30x60. Nilikuwa tayari mwalimu wa fizikia wakati huo, na bado namba ilinipumbaza. Baadaye nilichukua rula ya mwanafunzi nikapima lenzi ya mbele. Ile 60 ilipaswa kuwa milimita za upana wa lenzi. Rula ilisema 35. Kisha nikasimama mbele ya ukuta wa matofali, jicho moja ndani ya darubini, jingine wazi, nikahesabu ni matofali mangapi ya jicho wazi yanaingia ndani ya tofali moja la darubini. Nilihesabu manane. Kwa hiyo ile 30 ilikuwa 8. Jifunzeni kupima hivyo, wanangu. Rula na ukuta vinapatikana kila mahali, na havipokei kamisheni ya muuzaji.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza darubini ipi anunue, sianzi na swali la kuona mbali. Naanza na hili: je, itaweza kuishi Bukavu?

Tazameni tunapokaa. Ziwa letu la Kivu liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari, na sisi tumejenga kwenye vilima vinavyolizunguka na kwenye rasi zinazoingia majini. Mvua inatushika sehemu kubwa ya mwaka. Usiku kunakuwa na baridi, asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani, na ndani ya nyumba kuna mvuke wa sufuria na moshi wa makala. Darubini iliyokaa nje usiku ikiingizwa ndani, unyevu wa nyumba unaganda juu ya kioo baridi, kama unavyoganda kwenye chupa iliyotoka kwenye friji. Ukiganda nje, unapangusa. Ukiganda ndani, huna la kufanya, na hapo ndipo kuvu inapopata shamba.

Kwa sababu hiyo darubini ya kwetu lazima iwe imezibwa. Zile zilizozibwa sawasawa zina pete za mpira kwenye kila kiungo, na kiwandani hutolewa hewa ya kawaida, hujazwa gesi kavu, naitrojeni au agoni. Gesi hiyo haina unyevu, kwa hiyo ndani hapana cha kuganda. Someni maandishi ya kwenye karatasi yake kwa makini. Kuna darubini zinazosemwa kwamba zinastahimili manyunyu tu, na kuna zisizoingiza maji kabisa. Hizo ni familia mbili tofauti. Mkikuta alama ya IPX7, maana yake imepimwa kukaa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Sisemi mtaizamisha ziwani. Ila chombo kilichozuia maji ya mita 1 kitazuia na ukungu wa asubuhi. Na ninyi wavuvi, kumbukeni kwamba nyingi hazielei. Fungeni kamba shingoni kabla ya kupanda mtumbwi.

Sasa ugumu. Wengi wakisikia darubini ngumu wanafikiria kioo kisichovunjika. Kioo si ndicho kinachotangulia kuharibika. Ndani ya kila upande kuna prizimu, vipande vya kioo vinavyogeuza picha ikae wima. Darubini ikianguka, au ikitikiswa saa tatu kwenye keria ya pikipiki katika barabara zetu hizi mnazozijua, prizimu ya upande mmoja inasogea unywele mmoja tu. Kwa nje chombo ni kizima. Lakini picha za kushoto na kulia hazikubaliani tena. Macho yako, kwa upole wao, yatajitahidi kuziunganisha, na utaona vizuri dakika tano. Dakika ya kumi kichwa kinaanza kuuma. Nimeona watu wakisema darubini inawaletea ugonjwa wa macho, kumbe ni prizimu.

Kuijua ni rahisi. Njoo nayo mlangoni kabla ya kutoa pesa. Tafuta ukingo wa bati ulionyooka, nyumba ya mbali. Utazame kwa macho yote mawili, halafu uisogeze darubini polepole kutoka usoni, sentimita kumi, kumi na tano. Ule mstari wa bati utauona katika miduara miwili. Ukiwa kushoto uko juu na kulia uko chini, irudishe kwa mwenyewe, hata akikupunguzia bei mara tatu. Ukiwa na yako tayari, usiifunge kwenye keria. Ivae kifuani chini ya koti, mwili wako ubebe mtikisiko. Zenye gamba la mpira nene ni bora, kwa kuanguka na kwa mikono yenye maji.

Tuje kwenye namba, maana zina maana zikiandikwa na mtu mwaminifu. Hii ya pili niliyoishika ni 8x42. Nane ni mara ngapi inavuta kitu karibu. Arobaini na mbili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8, unapata 5.25. Huo ni upana wa kijiduara cha mwanga kinachotoka nyuma kuingia jichoni. Kijana, njoo uisimamie hapa. Ishike mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze nje. Unaona vijiduara viwili vyeupe kwenye lenzi za nyuma? Ndivyo hivyo. Viangalie tena: ni mviringo kamili? Vizuri. Kwenye darubini nyingi za bei ya chini utaona kama mraba wenye kivuli pembeni. Hapo kioo cha prizimu ni hafifu, kinakata mwanga. Kioo kizuri huandikwa BaK-4, lakini mimi naamini kijiduara kuliko maandishi.

Usiku, mboni ya kijana gizani hufunguka hata milimita 7. Sisi tuliopita miaka 50, wengi wetu hatufiki zaidi ya 5 hivi. Kwa hiyo kijana akishika 7x50, mwanga wote wa milimita 7 unaingia. Mimi nikiishika, sehemu inamwagika kwenye ukingo wa mboni yangu. Na ile ndogo ya mfukoni, 10x25? Inatoa milimita 2.5. Mchana, juani, inatosha. Usiku ni kama kuteka maji ziwani kwa kijiko. Lenzi ya 42 inakusanya mwanga karibu mara tatu ya lenzi ya 25.

Basi kwa nini tusichukue 20x80 tukamaliza? Kwa sababu ya mikono. Darubini inakuza nyota, na inakuza pia kutetemeka kwako. Kwa mara 20, mapigo ya moyo tu yanafanya nyota iandike herufi angani. Zile kubwa zina uzito wa kilo 2 na zaidi, lazima zisimame kwenye miguu mitatu, na miguu mitatu ni gharama nyingine na mzigo mwingine wa kupandisha kilima cha Kadutu. Mwisho wa mikono ya kawaida ni mara 10, na hapo tafuta ukuta wa kuegemea.

Mkinilazimisha niseme moja, kwa mtu atakayemiliki moja tu, ya nyota na ya mchana, nasema 8x42 iliyozibwa. Inashikika na mama, mzee na mtoto wa miaka kumi. Anayejali anga kuliko yote, na ana subira ya kuegemea, achukue 10x50, nayo iliyozibwa. Zile za kubadilisha ukuzaji, za 10 mpaka 30 na kuendelea, ziacheni dukani. Zina viungo vingi vya kuingiza unyevu, na kila unapoongeza namba picha inazidi kuwa giza na nyembamba.

Kuna maumbo mawili. Yenye mabega yaliyotoka nje inatumia prizimu za Porro, aliyekuwa Mwitalia na aliyepata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1854. Nyingine imenyooka kama mabomba mawili. Kwa pesa ileile ndogo, yenye mabega mara nyingi hutoa picha safi zaidi. Lakini katika zile rahisi, gurudumu la kulenga linavuta lenzi za nyuma nje na ndani, na kila zikienda na kurudi zinavuta hewa ya Bukavu. Yenye umbo la mabomba hulenga kwa lenzi iliyo ndani, kwa hiyo kuiziba ni rahisi. Ziko zenye mabega zilizozibwa vema pia. Ila ukikuta ya bei ndogo yenye mabega na hakuna neno la maji popote, jua uliyonayo mkononi ni ndugu wa ile marehemu inayozunguka ukumbini.

Kuhusu rangi ya lenzi, nisikilizeni hasa ninyi mnaopenda vitu vinavyong'aa. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga, na darubini moja ina nyuso kumi na zaidi ambazo mwanga lazima upite. Hesabuni wenyewe hasara. Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kiwanda cha Zeiss huko Ujerumani, alipata njia ya kupaka kioo utando mwembamba mno unaozuia mwanga kurudi. Lenzi iliyopakwa vizuri, ukiitazama kwa mbele, inaonekana nyeusi yenye kijani au zambarau ya mbali, na taa inayojiona ndani yake ni hafifu. Lenzi nyekundu kama kito, zile zinazovutia sana mezani sokoni, zinarudisha mwanga mwekundu usoni mwako badala ya kuupitisha. Umeulipia mwanga, halafu unafukuzwa mlangoni.

Wenye miwani, msiivue kama inarekebisha kasoro ya jicho inayopinda picha, hata ikiwa pamoja na ile ya kuona mbali au karibu. Tafuteni darubini ambayo jicho linaweza kukaa milimita 15 au zaidi nyuma ya lenzi, na vikombe vya mpira vinavyokunjwa au kuzungushwa viingie ndani. La sivyo mtaona anga kama kupitia tundu la ufunguo.

Bei? Zeiss, Leica na Swarovski za juu zinapita dola 2000, na sitawaambia muuze shamba. Kuna 8x42 zilizozibwa na kujazwa gesi kati ya dola 100 na 300, za Nikon, Vortex na wengine, ambazo mtu akizitunza atamrithisha mtoto. Na msilipie ahadi ya garantii ya maisha kama kuitumia kunadai kupeleka kifurushi ng'ambo. Kwetu garantii ni zile pete za mpira. Familia tatu au nne za avenyu moja zikichanga, au shule ikichanga, moja nzuri inashinda nne za sokoni.

Sasa, kwa nini nahangaika hivi? Kwa sababu ya anga tuliyopewa. Bukavu iko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Kuna galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka ya mwanga milioni 2.5, ambayo watu wa kusini kabisa wa Afrika wanaiona ikilala karibu na upeo. Kuna Omega Centauri, tufe la nyota zipatazo milioni 10, ambayo watu wa Ulaya wengi hawajawahi kuiona. Sisi? Andromeda inapanda nusu ya anga upande wa kaskazini, jioni za mwezi wa kumi na moja. Omega inapanda nusu ya anga upande wa kusini, jioni kama hizi. Nusu na nusu, kama mizani. Jabari, lile kundi la nyota liitwalo pia Orion, naye mwezi wa kwanza anasimama juu ya utosi, mpaka shingo inakataa, inabidi kutandika mkeka na kulala chali. Na Kilimia, ambacho wazee wa pwani walikifuata kwa kulima, jicho linaona nyota sita au saba. Ndani ya 8x42 zinakuwa makumi, na zote zinaingia kwenye duara moja.

Mwaka juzi nilikuwa ufukweni na mzee mmoja mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu. Wale mnaowajua, mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa juu ya maji. Mwezi mpevu ulikuwa umewafukuza, maana mwezi ukiangaza taa haina kazi, sambaza hawaji. Kwa hiyo alikuwa amekaa tu, anashona wavu. Nilimpa darubini, nikamwegemeza kwenye ukingo wa mtumbwi, nikamwelekeza kwenye sayari ya Mshtarii, yaani Jupita. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu ana watoto. Watatu huku, mmoja huku." Hakuna aliyemwambia. Ndio wale wanne, miezi ya Mshtarii, ambao Galileo wa Italia aliwaona mwezi wa kwanza mwaka 1610. Mzee akaniambia tena kwamba usiku wa giza, usiku wa samaki, huwa anaziona nyota nyingi lakini mikono ina wavu. Tangu hapo nikajua kalenda ya wavuvi ndiyo kalenda ya watazama nyota. Ukiona taa nyingi ziwani, toka na darubini.

Sayari ya Zohali msiidai pete zake. Kwa mara 8 au 10 utaona kama punje iliyorefuka kidogo tu. Anayewaahidi pete kwa darubini ya mkono anauza 30x60.

Mchana kazi yake ni nyingine. Mnandi akikausha mabawa juu ya jiwe, mdiria akisimama hewani kabla ya kujitupa majini. Kule kwenye hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwenye msitu ambako mwanga wa saa sita mchana unafanana na jioni, lenzi ya 42 inaona ndani ya kivuli ambapo ile ya 25 inaona weusi. Waliopata kupeleka wageni kuona gorila wanajua umbali lazima ulindwe, kwa afya ya wanyama. Darubini inakupa uso wa mnyama bila kumsogelea. Angalieni pia inalenga karibu kiasi gani. Nzuri inafika mita 2 au 3.

Mambo mawili mazito. La kwanza ni jua. Usielekeze darubini kwenye jua, hata sekunde moja, hata linapozama. Macho hayana maumivu ya kukuonya ndani, yanaungua kimya. Usimwachie mtoto mdogo darubini mchana bila mtu mzima. La pili, mnajua mji wetu ulivyopitia vita. Jioni moja wenye silaha walinisimamisha nikiwa na hii kifuani, na saa mbili zilikwisha nikieleza nyota. Tangu siku ile nafanya hivi: namwarifu shefu wa avenyu, tunakuwa wengi, tunakaa uwanjani mwa shule au parokia, na hatuielekezi kamwe kwenye kambi, bandari wala daraja la mpakani la Ruzizi. Kijana peke yake juu ya kilima, usiku, na darubini? Hapana. Nyota zitakuwepo kesho.

Utunzaji ni mfupi. Mfuko wa ngozi utupeni, ngozi inashika unyevu. Tafuteni kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, mtie ndani vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikichoka, mimina chembe kwenye sufuria kavu juu ya mbabula yenye moto mdogo, zikauke, zirudi kazini. Ikilowa nje, iache ikauke wazi kwanza ndipo uifungie. Vumbi puliza kabla ya kupangusa, maana vumbi letu ni mchanga, na ncha ya kikwembe yenye mchanga inachora kioo.

Nimesema ya kutosha, na nje kumeingia giza. Mwezi utachelewa kutoka. Tutandike mikeka uwanjani. Upande wa kusini mtauona Msalaba wa nyota, na kushoto kwake nyota mbili kali. Ile iliyo karibu na Msalaba ndiyo Beta Centauri. Kutoka hapo pandeni kwenda juu mpaka nyota ya Epsilon, halafu endeleeni mbele karibu umbali uleule. Epsilon mkiiweka ukingoni mwa duara, upande wa pili itaingia kitu kama pumzi juu ya kioo, duara la moshi mweupe. Msipanguse lenzi. Ni Omega. Wenye miwani waanze, kisha wamama, na kamba ivaliwe shingoni kabla ya kuipokea.